Kuku wa Shanga za Manjano

Solange mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana afya. Yako naijua: nimekusikia sasa hivi pale barabarani ukicheka na wenzako wa kwaya, kicheko kile nilichokukataza tangu una miaka saba na hukunisikia. Mimi pia sijambo, ila mgongo, na mgongo wangu unaujua. Ni saa tisa mchana. Umekwenda kanisani kuaga. Papa yako ameshuka sokoni kukutafutia kamba ya kufungia sanduku, utadhani unahamia Ulaya. Mimi nimejifungia kwenye chumba cha mashini ya kushonea nikawaambia nina nguo ya mteja ya kumaliza. Nimedanganya. Nina kazi yako magotini, na kalamu, na woga.

Nakuandikia kile Kiswahili tulichofundishwa na masista, nisije nikakuaibisha wenzako wakiikuta barua. Lakini unanijua. Nikipandwa na hasira kitarudi cha jikoni, nawe usome hivyo hivyo.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Sweta, dawa ya tumbo, ufunge dirisha la gari mkifika msitu wa Nyungwe kwa sababu ya baridi: hayo Papa yako ameshayasema mara saba, na kesho alfajiri pale kituo cha Kamembe atayasema mara ya nane. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba miaka minane, na nataka niliandike kabla sijatia sindano kwenye kitambaa chako.

Jumanne uliniwekea kazi hii juu ya mashini. Imekwisha, pande zote, isipokuwa kona ya chini mkono wa kulia, ambako umeacha kipande cheupe kama kiganja.

"Maman, iyi kona njo yako," ukasema. "Uweke gisi unapenda."

"Niweke nini?"

"Sijue miye. Weye njo fundi."

Ukaenda zako kuosha masufuria huku ukiimba. Ulifikiri umenipa zawadi, na kweli ni zawadi. Lakini tangu Jumanne silali vizuri. Wale wamama wa karakana ya ushonaji ya Musanze, unakokwenda kesho, wamesema kila msichana aje na kazi moja ya mkono wake, itundikwe mlangoni na jina lake chini. Kwa hiyo watakiona kitambaa kabla hawajajua kama wewe ni mpole au mkali, kama unaamka mapema au unavutwa mguu. Nikiharibu hiyo kona nimekuharibia mlango. Na mimi, mwanangu, nilishawahi kukuharibia kazi. Unajua na mimi najua, na humu nyumbani hakuna aliyewahi kulitaja.

Ngoja kwanza nikisifu kitambaa chenyewe, maana nisipokisifu nitapasuka.

Ni kidogo, kama taulo ya uso. Juu vipande vya vikwembe, vitenge vyetu vya zamani, katikati lile blanketi la kijivu nililodhani limeliwa na panya, nyuma shuka jeupe. Ulishika tabaka zote tatu kwa mashini kwanza, ndipo ukaleta shanga. Hapo tu nilitaka kupiga vigelegele. Wengi huanza na shanga kwa sababu zinawaka machoni, halafu mguu wa mashini ukipita juu yake, ka! sindano imevunjika na shanga imepasuka. Umeacha pia upana wa kidole pembeni mwote, pindo lipate pa kukaa. Shanga nyekundu ulizichovya usiku kucha kwenye maji ya sabuni kuona kama zinachuja rangi. Nilikiona kile kikombe. Nilijifanya sikukiona.

Na picha yenyewe! Foleni ya asubuhi kwenye daraja la Ruzizi, pale mpakani, wamama saba na mabeseni kichwani, mto chini yao kwa mshono wa mnyororo wa buluu tatu. Sura hukuwawekea, na bado nawajua. Yule wa nyanya ni jirani yetu Maman Josué, namjua kwa makalio. Yule wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, umempa zile shanga ndefu za fedha, tena hukuzilaza, umeziacha zining'inie, kitambaa kikitikiswa samaki wanacheza. Nilipoziona nikasema moyoni, hizi zitadondoka kabla gari halijafika Huye. Nikazivuta. Ndiyo, nilizivuta kwa kucha, moja moja, nikitafuta kosa. Hakuna hata moja iliyolegea.

Nikakigeuza. Nyuma nikakuta fundo kila baada ya shanga tatu. Tatu, fundo. Tatu, fundo. Si mimi niliyekufundisha hilo. Ni Koko wako.

Koko, mama yangu, Mshi wa Bukavu, alikuwa anapamba nguo za harusi pale Kadutu kabla hata mimi sijazaliwa. Nilipokuwa na umri wako alinipa kola ya gauni la shangazi wa bibi harusi, kola pana, shanga nyeupe tupu. Akaniambia, "Tatu, fundo. Usichoke." Nikachoka. Siku hiyo kulikuwa na kijana mmoja amesimama nje ya kiwanja chetu na redio begani, anajifanya anasubiri mtu mwingine. Kijana huyo leo anatafuta kamba ya sanduku sokoni, kwa hiyo nusu ya kosa hili ni yake. Nikatia uzi mmoja mrefu, nikazunguka kola nzima bila fundo hata moja, nikatoka mbio.

Siku ya harusi shangazi akapeleka matoleo altareni akicheza. Mkufu wake ukanasa uzi. Solange, shanga zilikimbia chini ya viti vya kanisa zima! Batoto ba katekisimu wakazifukuza. Padri akakanyaga moja akashika meza asianguke. Mimi nikainama kama ninayesali. Koko akapiga magoti pale pale, na nguo yake ya Jumapili, akaanza kuokota akitia kwenye kilemba. Hakunigombeza njiani wala nyumbani. Alinipa sindano na kilemba kimejaa shanga, akasema tena maneno yale yale, "Tatu, fundo." Nilikaa wiki nzima.

Kosa hilo nalicheka mpaka leo. La pili silicheki.

Tulipovuka daraja kuja kukaa huku Rwanda kwa ndugu za Papa yako, ulikuwa na miaka miwili, mgongoni kwangu, unavuta hereni yangu. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kukwama kwama. Nikaweka mashini kwenye baraza moja pale Kamembe. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mke wa mwalimu kutoka Giheke, nikamshonea blauzi. Nikaona nimpe kitu cha kunitangaza: mikononi nikampigia ule mshono wa Koko unaofanana na nyayo za kuku mchangani, aliouita migulu ya kuku, na shanga za manjano kati ya kidole na kidole. Yule mama aliitazama, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Ni byiza, ariko ni ibyo muri Kongo." Ni nzuri, lakini ni mambo ya Kongo.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mteja anayesema anachopenda. Lakini mimi nilisikia kwamba nimevuka daraja na bado niko ng'ambo. Nikairudisha nyumbani blauzi, nikafumua yote. Tangu siku hiyo nikawa fundi wa sare za shule na sketi nyeusi. Mistari iliyonyooka, kola zilizonyooka. Nikaacha hata kufunga kilemba kama wa kwetu. Mtu akiniuliza nimekulia wapi, najibu, "Huku huku." Hakuna aliyenilazimisha, mwanangu, nilijilazimisha mwenyewe.

Koko alikuwa anavuka kila Jumamosi na shanga za manjano zimefungwa kwenye ncha ya kikwembe chake. "Za mashini yako," anasema. Namshukuru, akiondoka nazimwaga kwenye lile kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na sizigusi. Wewe ndiye uliyelifungua kopo.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Parokia ilikuwa inapokea wageni, kila nyumba ilete kazi ya mkono itundikwe ukutani. Ukaomba vipande, ukaomba blanketi, ukajifungia siku nne. Ukatoka na kuku. Kuku mama na vifaranga, na manjano! Manjano kwenye mbawa, manjano kwenye kichwa, manjano hewani juu ya kichwa kama cheche, bila mpango, bila mstari. Nyuma ulikuwa umefunga tatu, fundo, maana Koko alikuwa akikufundisha barazani Jumamosi wakati mimi niko kwenye sare zangu. Uliniletea mbio, ukasema, "Maman, angalia gisi anapiga kelele!"

Nikasema, "Ni nzuri." Na kichwani nikamsikia yule mke wa mwalimu.

Ulipokwenda kuchota maji nilichukua mkasi mdogo, ule wenye mdomo wa ndege. Nikatoa manjano yote. Nikaweka nyeupe, kwa mistari, kila shanga na jirani yake kama wanafunzi kwenye foleni. Nikakikunja kitambaa, nikakipeleka mwenyewe parokiani ili usikione kabla ya siku.

Watu walisifu. Walisifu sana, wakanipongeza mimi. Nikakushika mkono nikakuleta mbele yake na furaha yangu yote. Ulikitazama muda mrefu. Ukauliza, "Maman, iyi ya nani?"

"Ya kwako, si unaona?"

"Apana," ukasema. "Kuku yangu ilikuwa inapiga kelele. Iyi imenyamaza."

Hukulia. Afadhali ungelia. Ulirudi nyumbani, ukanirudishia sindano, na miaka minne hukushika tena. Nikikuuliza unasema una masomo.

Koko alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimekitundika sebuleni, kwa kiburi. Alisema "muzuri" mara moja, halafu akakitoa msumarini akakigeuza, kama mafundi wote wanavyofanya. Nyuma kulikuwa na matundu ya sindano ya zamani na mafundo ya mkono mwingine. Alinitazama mpaka nikaanza kupanga vikombe.

"Nani aliondosha bile bya manjano?"

"Ni miye, Mama. Bilikuwa bingi. Batu bangecheka."

"Batu gani?"

Nikatafuta jina kichwani. Yule mke wa mwalimu alishahama siku nyingi.

"Weye haukufumua shanga," akasema. "Ulifumua mutoto. Muombe samahani."

Nikasema nitaomba. Jumamosi iliyofuata akiwa hata hajatua mfuko, "Ulimuomba?" Bado, Mama. Nyingine, "Ulimuomba?" Bado. Ikawa ndiyo salamu yake. Mara ya mwisho aliniuliza yuko kitandani Bukavu, sauti imekwisha, nikadhani anataka maji. Nikainama. "Ulimuomba?" Nikamwambia ndiyo.

Nilimdanganya mama yangu anakufa, Solange. Hilo ndilo jambo. Nilikuwa fundi mkubwa, mke wa mtu, mama wa mtu, na neno dogo kama hilo lilinishinda kinywani, kwa sababu mzazi akimwomba mtoto samahani nilidhani anashuka. Naliandika sasa. Nisamehe, mwanangu. Kuku wako alikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona mimi, na nilimnyamazisha kwa sababu nilikuwa naogopa kuchekwa na watu ambao hata hawakuwepo.

Papa yako amegonga mlango. Kamba ameipata, ya manila, mita kumi nzima. Nimemwambia tunafunga sanduku, hatufungi ng'ombe. Amecheka, ameniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nimesema vumbi la nyuzi. Naye amesema, "Na miye vumbi iliniingia mu soko." Mzee wa watu. Amekwenda kuzungushia kamba sanduku lako, nasikia anavyohesabu mafundo.

Tuendelee. Tulipotoka kuzika, kila mjukuu alichagua kitu cha Koko. Binamu zako walichukua sahani. Wewe ulichukua kikwembe chake kimoja, cha kijani, kilichochakaa. Usiku wa pili nyumbani hapa ukakitandaza mezani, ukakikata. Moyo wangu uliruka, nikafungua kinywa niseme usikate hapo, kata kwa kufuata uzi! Papa yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Kweli alinikanyaga, kidole kilivimba. Ukasema bila kuniangalia, "Maman, uko na sindano?" Nikakupa. Tangu siku ile nimekaa pembeni miaka minne nikimeza maneno, na wanaonijua hawaamini.

Nami niliona yote. Niliona ulivyoharibu vitambaa sita na kutotupa hata kimoja. Niliona ulivyogundua peke yako kwamba uzi wa kawaida unakatwa na shanga za kioo, ukaenda kwa wavuvi kuomba uzi wa nyavu. Nilipoona unanukisha nyumba nzima samaki kwa uzi huo nilitaka kukufukuza, halafu nikaupima kwa meno. Haukatiki. Leo natumia huo huo kwenye vifungo vya sare, na wateja wanasema vifungo vya Maman Solange havitoki. Vifungo hivyo ni vyako.

Na siku yule mama wa Musanze alipopita sokoni, akasimama mbele ya kile kitambaa chako kidogo chenye picha ya majani ya chai, kilichokuwa kimetundikwa barazani pangu, akauliza, "Ni nani aliyefanya hii?" Ningekuwa mimi wa zamani ningesema ah, ni michezo ya watoto. Nilisema, "Binti yangu!" kwa sauti mpaka muuza nyama akageuka. Tangu ulipoitwa nimelitangazia soko zima. Nimemwambia hata yule muuza mkaa tusiyesalimiana. Amenipongeza, basi sasa tunasalimiana, umeniletea kazi.

Haya. Leo mchana nilikaa na kitambaa nikitazama hiyo kona nyeupe, na jicho langu la sare likaenda kwa mama wa nne kwenye foleni. Huyu, nikasema, amekosewa. Wenzake wote wamenyooka, yeye ameinamia kushoto. Mguu wake umetoka nje ya mstari. Na wote wanatazama upande wa huku, yeye peke yake amegeuza kichwa, anatazama Bukavu. Nikasema nimnyooshe tu kidogo, mishono mitano, Solange hatajua. Mkasi ulikuwa tayari mkononi. Ule ule, wenye mdomo wa ndege.

Halafu nikaona shingoni mwake kuna kamba ya shanga ndogo nyeupe, na kila baada ya shanga kumi kuna nyeusi moja. Nikashangaa ni mkufu gani huo. Kumbe ni futi ya kupimia. Nikatazama kikwembe: kile changu cha maua ya zambarau, kilichoungua pasi. Nikatazama anavyoinama. Nikasimama, nikajiangalia kwenye kioo cha kabati, na bega langu la kushoto liko chini kwa ajili ya mgongo.

Nilikuwa nakaribia kujifumua mwenyewe!

Nilicheka, Solange. Nilicheka peke yangu humu ndani halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Kumbe ulijua. Miaka yote nasema "huku huku," nanyoosha kila kitu, na mtoto ananiona shingo yangu imegeuka. Na hukunishona kwa dhihaka. Umenipa beseni zuri kuliko yote, umelijaza nyuzi za kila rangi. Mbele ya wageni wote watakaopita mlango ule wa Musanze, umeniweka katikati ya foleni nilivyo, nimepinda, natazama kwetu. Mimi nilipokuwa na kazi yako mkononi nilikunyoosha. Wewe ulipokuwa na mimi mkononi uliniacha nilivyo.

Ndiyo maana ninakuambia hili moja, na ni habari yangu tu, siyo sheria. Huko watakuja watu wenye macho kama niliyokuwa nayo mimi. Watashika kazi yako kwa upole, watasema, "Ni nzuri, lakini..." Wengine watasema kweli, na utajifunza kwao: mimi mwenyewe bila Koko ningekuwa bado naokota shanga chini ya viti. Sijui namna ya kukuambia utawatambuaje. Mimi nilikosea kwa sababu sikuuliza hata mara moja, "Batu gani?" Nilifumua kwanza.

Sasa ni saa kumi na mbili. Niliacha kalamu, nikashusha lile kopo la maziwa. Liko na kutu. Shanga za manjano za Koko zilikuwamo zote, na chini yake, zimefungwa kwenye karatasi, zile zile nilizozitoa kwenye kuku wako. Sikuwahi kuzichanganya. Sijui nilikuwa nazingoja nini.

Nimezishona. Ukifungua sanduku tazama ile kona: pale chini, kwenye ukingo wa mto, amesimama kuku. Mwili wake nimeukata kwenye kipande cha mwisho cha kikwembe cha kijani, kile ulichonificha kwenye droo. Miguu yake na ya vifaranga nimepiga migulu ya kuku, mshono ambao mkono wangu haujaugusa tangu ile blauzi. Nilidhani mkono umesahau, kumbe vidole vinakumbuka. Uzi ni ule wa nyavu, chumba chote kinanuka. Tatu, fundo. Na shanga zako nimezitupa hewani juu ya kichwa chake, bila mpango na bila mstari. Ilinitoa jasho kuliko kola yoyote. Mkono ulikuwa unazitaka zikae foleni, na mimi naukemea, "Aka! Acha!" Papa yako ameniuliza kwa mlango nagombana na nani.

Wakikuuliza huko ni nani aliyeshona kona hii, maana mkono ni tofauti na fundi yeyote ataona, waambie, "Ni Maman yangu, fundi wa Kamembe, mtoto wa Bukavu." Useme yote mawili.

Macho yangu si yale. Kifaranga cha pili kimeinama kama kimelewa, na mguu mmoja wa mama yake ni mfupi. Nimeuona. Nimeuacha. Ila kazi ni yako na jina chini yake ni lako, kwa hiyo mkasi wenye mdomo wa ndege nimeuweka kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku, umefungwa na kitambaa. Ukitaka kufumua, utafumua wewe. Mimi sitaki kubaki nao humu nyumbani.

Nasikia kicheko chako kwenye kona ya barabara, unarudi. Cheka hivyo hivyo mpaka Musanze. Jumamosi nitavuka daraja niende kwenye kaburi la Koko, na atakaponiuliza nitakuwa na jibu la kweli.

Maman yako